Mkaguzi wa Njia Mbili

Mkaguzi hakuwahi kusema kwamba kitu ni kizima. Ukimwuliza hali ya diski, alisema, "Leo haijaharibika." Ukimwuliza hali ya faiba, alisema, "Leo inapita." Wakubwa waliotaka neno la kuandika kwenye ripoti zao walichoka naye, na kusema kweli kuna siku mimi pia nilichoka naye. Mtu unataka kuambiwa kazi imekwisha uende nyumbani ukapike. Yeye alikuambia imekwisha kwa leo, ukatoka hapo umeibeba kesho mgongoni mpaka mlangoni kwako.

Nilimfahamu kwa sauti kabla sijamfahamu kwa sura. Kompyuta kuu ya kampuni yetu ilikuwa Tororo, ndani ya jengo la matofali lililotazamana na ule mlima wa mawe. Mimi nilikuwa Busia, katika chumba kidogo nyuma ya maduka, upande wa Uganda. Nililala Kenya na kufanya kazi Uganda, kama watu wengi wa mji wetu. Gari likitaka kuvuka mpaka, habari zake zilitumwa Tororo kwa faiba, ule waya wa mwanga, Tororo ikatazama kumbukumbu zake, ikajibu, ndipo kibali kikachapwa. Chumba changu kilitunza nakala ya kumbukumbu hizo, ili yakitokea ya kutokea Tororo, kitu kiwe kimebaki mahali.

Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kuhakikisha kwamba diski zinakumbuka na kwamba faiba inapitisha. Kila asubuhi simu yangu ililia.

"Busia, uko?"

Hilo ndilo lililokuwa jina langu kwake, Busia. Nami nilimwita Madam, kama kila mtu.

Aliandika maandishi ya kujaribia kwenye diski za Tororo, akayasoma tena, akalinganisha. Kisha aliyatuma kwangu, nami nikayasoma upande huu, tukalinganisha tena. Mashine ilikuwa na maandishi yake ya kazi hiyo, namba tupu zisizo na maana. Lakini namba zikiisha yeye alipenda kuongeza ubeti wa wimbo wa kanisani kwao, kwa Kidhopadhola, akasema macho yake yataona kosa haraka kuliko yanavyoona kwenye namba. Mimi sikuijua lugha hiyo. Nilimsomea herufi kwa herufi kwenye simu, naye akacheka matamshi yangu mpaka akakohoa. Hicho ndicho kicheko chake pekee ninachokikumbuka saa za kazi.

Nilipokutana naye uso kwa uso nilishangaa kwamba ni mwembamba. Sauti yake ilikuwa ya mtu mnene. Alitembea ameinama kidogo upande wa mkoba, na ndani ya mkoba huo kulikuwa na vitambaa vyeupe, spiriti, kidubwana cha kupimia nguvu ya mwanga, na karanga za kukaanga ambazo hakuzila kamwe karibu na mashine. Adui yake mkubwa alikuwa vumbi. Tororo ina vumbi la saruji, Busia ina vumbi la malori, na ncha ya faiba ni nyembamba kama unywele. Punje moja ikikaa hapo, mwanga unayumba. Alivua viatu mlangoni. Alifuta kila ncha kabla ya kuichomeka, hata aliyoifuta yeye mwenyewe muda mfupi uliopita, na fundi aliyeipuliza kwa mdomo alirudishwa nje kunawa uso kama mtoto wa shule.

Kwao Nagongera hawakuielewa kazi hiyo. Aliniambia kwamba shangazi yake alimwuliza mbele ya watu, kwenye sherehe, anafanya nini hasa huko mjini. Akajibu kwamba anapima kama mashine inakumbuka. Shangazi akauliza, na ikisahau? Akamwambia, ikisahau watu watasimama barabarani. Shangazi akasema watu wa Nagongera wanasimama barabarani kila siku na hakuna mashine iliyosahau. Mkaguzi alinisimulia haya bila kucheka. Nadhani yalimuuma.

Kilichowaudhi wengi zaidi ni tabia yake ya kuvuta waya mchana. Njia za faiba kati ya Tororo na Busia zilipaswa kuwa mbili, ili moja ikikatika nyingine ichukue kazi bila mtu kujua. Wakaguzi wengine walijaribu jambo hilo Jumapili, ofisi zikiwa tupu. Yeye alivuta waya wa kwanza siku ya kazi, malori yakiwa kwenye foleni, akatazama kama wa pili utabeba mzigo. Mara nyingi ulibeba. Siku moja ulisitasita, vibali vikakwama kwa muda mfupi, na Haji akapanda ngazi za ofisi ya Tororo akiwa amekasirika.

Haji alikuwa mfanyabiashara wa malori, mtu wa mji, Mwislamu ambaye familia yake ilikuwa ya wasafirishaji tangu zamani. Nilikuwa pale siku hiyo, nimekwenda kuchukua vifaa. Alimwuliza Madam kwa nini anaharibu kitu kinachofanya kazi.

Mkaguzi alimvutia kiti. "Haji, lori yako nabeba taya ya spea?"

"Nabeba."

"Na umejua aje kama iko na upepo?"

"Dereva napima."

"Napima lori ikiwa nyumbani, ama ikiwa na mzigo?"

Haji alikunywa chai aliyowekewa, akaomba safari nyingine aarifiwe mapema, akaondoka. Sisemi alikubali. Aliendelea kulalamika kwa miaka, lakini kila Idi alituma sahani ya pilau ofisini, na sahani ilikuwa na jina la Madam.

Huyo ndiye mtu asiyeamini mashine hata moja. Sasa nikuambie juu yake na watu. Mkaguzi aliamini watu wote. Bodaboda akimwambia kwenye simu "nimefika hapo karibu," alitoka akasimama kando ya barabara, na aliendelea kusimama mpaka jua likamchoma, akisema kijana amesema yuko karibu. Fundi aliyemjengea jiko aliomba ruhusa akamwone mgonjwa, asirudi tena. Misimu miwili ya mvua jiko lile lilikaa bila paa, Madam akipikia ukumbini, na kila nilipomwambia atafute fundi mwingine alijibu kwamba huyu bado anauguza. Lango lake halikufungwa. Nilimwuliza mara moja inakuwaje mtu afute ncha ya waya mara mbili na asiulize mara mbili habari za fundi. Aliniangalia kama niliyesema neno la aibu. Akasema mashine haina haya, lakini mtu ana haya, hawezi kukutazama usoni akakudanganya hivi hivi tu.

Ndiyo sababu ya yale yaliyompata.

Njia ya pili ya faiba ilipojengwa upya, kazi ilipewa mkandarasi mmoja mpole, mwenye kuongea taratibu, aliyekuwa akiomba dua kabla ya kufungua boksi la vifaa. Njia ya kwanza ilifuata barabara kuu na kuvuka mto darajani. Ya pili ilitakiwa ipite ndani, vijijini, na ivuke mto mahali pengine kabisa. Mkaguzi alipima mwanga wa njia zote mbili, na mwanga ulikuwa safi. Alipima urefu, na ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, kama ilivyotakiwa. Alivuta waya mchana, na ya pili ilibeba mzigo bila kusita. Akamwuliza mkandarasi habari za mtoni. Yule bwana akamwambia, "Huko tumevukia kwingine, Madam." Mkaguzi akaweka sahihi yake. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akitia sahihi bila kuguna.

Basi asubuhi moja ya kiangazi, tukiwa tumemaliza kujaribu na kila kitu kimelingana, taa zote za Tororo zikazimika kwenye skrini yangu. Nilipiga simu. Mkaguzi akasema anaziona diski zake zote ziko sawa. Nikamwambia zangu pia ziko sawa. Kumbukumbu zilikuwa nzima Tororo na nzima Busia, ila hazikuwa na njia ya kuonana. Na chumba changu kilikuwa cha kutunza tu, hakikuwa na kompyuta ya kujibu maswali ya mpakani.

Alichukua bodaboda akaifuata faiba. Pale darajani alikuta mashine ya kuchimba barabara imesimama na mdomo wake umejaa udongo, na ndani ya shimo bomba moja limekatwa. Ndani ya bomba hilo zilikuwamo nyaya zote mbili. Kila mahali njia zilikuwa mbili kweli, zimeachana maili kwa maili, isipokuwa hapo kwenye maji. Kuvukia kwingine kulikuwa kazi ngumu, na daraja lilikuwa pale.

Alipofika kwangu Busia ilikuwa imekaribia adhuhuri. Viatu vyake vilikuwa na tope na hakuvivua. Alikaa kwenye kiti changu akaniuliza nje kuna nani. Nikamwambia kuna malori mpaka huko nyuma yasipoonekana, ya mahindi, ya vitunguu, ya samaki. Akaniuliza tena, nani mwingine. Ikabidi nimwambie kwamba upande wa Kenya kuna gari lililobeba maiti. Ni mama mmoja aliyefia Nairobi, watoto wake wanampeleka kwao Nabuyoga, mazishi ni alasiri ile ile, na gari limekosa kibali cha kuvuka.

Alisimama akatoka. Nilimfuata kwa sababu niliogopa madereva wangemfanyia nini. Lakini hakwenda kwa madereva. Alivuka upande wa Kenya, moja kwa moja mpaka kwenye lile gari, penye kijana mkubwa wa marehemu, mtu mzima mwenye suti na macho mekundu, amesimama ameshika mlango wa nyuma kana kwamba ungefunguka wenyewe.

Mkaguzi akampa pole. Kisha akasema, "Ni mimi nilisema njia iko mbili. Ilikuwa moja. Imekatika."

Yule kijana hakuelewa, na angeelewaje? Alimtazama tope la miguuni, akasema polepole, "Madam, mama yangu ako ndani ya hii gari tangu jana usiku. Niambie tu ukweli. Leo kutafunguka?"

"Leo sidhani."

"Basi asante. Tangu asubuhi hakuna mtu amenijibu."

Akawageukia ndugu zake wakazungumza kidogo, nao wakaamua kumvusha kwa miguu. Mkaguzi alimpigia Haji simu. Sikusikia Haji alisema nini, ila mazungumzo yalikuwa mafupi. Wanaume sita wakaliinua jeneza, wakapita nalo kati ya malori, madereva wakizima injini moja baada ya nyingine. Afisa wa zamu akasoma kibali cha mazishi, akavua kofia, akasogeza kizuizi cha waendao kwa miguu. Bibi mmoja wa familia hiyo alikuwa amebeba mashada ya maua na mkoba na fimbo yake, vyote vinamshinda. Mkaguzi akampokea mashada. Mimi nikapokea mkoba. Tukavuka mpaka nyuma ya mtu tusiyemjua, kwenye jua lile, na sikumwona Madam akiinua uso hata mara moja. Upande wa pili lori la Haji lilikuwa limefika, tupu, limefagiliwa, na turubai safi limetandikwa ndani. Haji mwenyewe alikuwa ameketi mbele karibu na dereva. Alishuka akamsaidia yule bibi kupanda, wakaondoka kuelekea Nabuyoga.

Baadaye wakubwa walitaka neno moja tu, ajali. Mashine ya kuchimba imekata waya, kwisha. Neno hilo lingemwokoa yeye na mkandarasi pia. Meneja alimwita akamweleza hivyo kwa upole, nami nilikuwamo kama mwakilishi wa Busia. Mkaguzi alikataa. Alisema ajali ni ya waya mmoja, waya wa pili si ajali. Meneja akamwuliza basi aandike kosa la nani.

"Andika la kwangu. Niliuliza. Sikwenda kuona."

Wakaandika. Hawakumfukuza, lakini walimwondoa kwenye kutia sahihi na kumpa kazi ya kukagua jenereta na vizima-moto. Sahihi akapewa bwana mmoja aliyetoka mbali, mtu mwema ambaye alisema kila kitu ni kizima. Simu zangu za asubuhi zikawa fupi. Hakukuwa na wimbo.

Nilitegemea baada ya hapo atawashuku watu. Haikuwa hivyo. Mkandarasi alipokuja kwake kuomba radhi alimkuta akipikia ukumbini, akakaribishwa, akala. Aliniambia yule bwana alilia, na kwamba ana watoto wengi. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia maneno ambayo sikuyapanga. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hasira nimpe mtu mwenye nguvu ya kuibeba, yeye amechoka.

Lakini kitu kimoja kilibadilika. Njia mpya ya pili ilipochimbwa, na safari hii mto ukavukwa mbali na daraja, yeye aliitembea yote kwa miguu. Haikuwa kazi yake tena na hakuna aliyemtuma. Jumamosi baada ya Jumamosi alianza pale alipokuwa ameishia, akipita kwenye mihogo ya watu na kusalimia, akauliza mfereji ulipopita, akasimama juu yake. Watu wa vijijini walimwona kama mtu aliyepoteza kitu. Kipande cha mwisho, cha kuingia Busia, nilikitembea naye. Hatukuongea sana. Tulipofika mlangoni kwangu alikaa kizingitini akavua viatu, miguu imevimba, akasema ameiona. Nilimwuliza kama sasa ameridhika. Akasema hapana, ila ameiona.

Miaka ikapita. Mkaguzi alistaafu, akarudi Nagongera kulima. Kampuni ikahamishia kumbukumbu zote kwenye kompyuta za mbali ambazo sisi hatutaziona, katika nchi ambayo hatukuambiwa jina. Chumba cha Busia kikaamriwa kifungwe, na diski zitobolewe ili mtu asiokote yaliyomo. Nilimpigia simu nimwarifu tu. Siku yenyewe, asubuhi, nikamkuta langoni, amezeeka kuliko nilivyojiandaa, akibishana kwa adabu na askari mgeni aliyetaka ajiandikishe.

Vijana wawili wa kutoka mjini walikuwa wamekuja na keekee ya umeme. Kabla ya kuchomoa chochote, mmoja wao alizipima diski, kwa sababu utaratibu ulitaka hivyo. Akatuonyesha skrini. Hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Zilikuwa zinakumbuka kila lori.

"Nzima kabisa," yule kijana akasema.

Mkaguzi alitikisa kichwa kukubali. Wakazitoboa moja moja. Unga wa chuma ukamwagika sakafuni, naye akasogeza miguu tu. Nilitaka kumshika mkono, nikaona aibu, nikapanga nyaya ndani ya boksi.

Walipomaliza, vijana wakabeba mifuko yao wakatoka kutafuta chakula. Yakabaki makabati matupu, feni zake na mashine ya baridi bado zikiunguruma, kama zilivyounguruma usiku na mchana tangu siku niliyoajiriwa. Nikamwuliza Madam kama angependa kuzima yeye. Akasema chumba ni changu. Nikashusha swichi kubwa.

Feni zilikwenda zikipungua, zikasimama. Masikio yangu yakauma. Halafu, kupitia tundu la ukutani lililopitisha bomba la mashine ya baridi, tukasikia kinu kinatwangwa. Tukasikia redio, na kuku, na sauti ya mwanamke akimwuliza mtu ndani ya nyumba kama chumvi imekwisha. Walikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba kile miaka yote hiyo nikidhani nyuma yake ni kiwanja.

"Kumbe huku nyuma iko watu," Mkaguzi akasema.

Kinu kikanyamaza. Nao pia walikuwa wamesikia kelele zetu zikikoma.

"Nani huko?" yule mwanamke akauliza kutoka upande wa pili.

Mkaguzi aliinama taratibu, mkono mmoja kiunoni, mpaka mdomo wake ukakaribia lile tundu.

"Ni sisi, mama," akamwambia. "Majirani."